Vyanzo Vinne, Kijito Kimoja

Michelle Kunda aliliona jina la baba yake katika ukurasa wa nne wa kazi ya mtu mwingine.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, katika ukumbi wa mwaka wa pili, pale chuo kikuu, Lubumbashi. Wanafunzi tisini walikuwa wamebanana kwenye viti vya watu sitini. Assistant Chomba, mwalimu wao wa mbinu za utafiti, alikuwa amewaagiza waandike kurasa sita juu ya maji na migodi, wakiunganisha vyanzo visivyopungua vinne. Siku ile walibadilishana kazi. Soma ya mwenzako, halafu mwandikie ukurasa mmoja: wapi hoja yake inasimama, wapi inaanguka, arekebishe nini. Alirudia maagizo hayo mara tatu. Na bado, ukipita kati ya viti, uliona kalamu zote zikiandika maneno yale yale: Kazi nzuri. Jitahidi. Bonne continuation. Hakuna aliyetaka adui, na kusoma kwa makini kunachosha.

Michelle alikuwa amepewa kazi ya Clément Mwenya, kijana wa safu ya mbele, mwenye Kifaransa kilichonyooka kama shati lake. Clément aliandika kwamba kijito cha Kasungami, kinachopita chini ya kiwanda cha kuchenjua shaba, ni kisafi. Halafu, ukurasa wa nne: "Wakaaji wenyewe, kupitia shefu wao wa avenue, Bwana Symphorien Kunda, wamekiri kwamba maji hayana tatizo lolote."

Alisoma mara mbili. Asubuhi ile ile, kabla ya kushika jembe, mama yake alikuwa amepaka mawese kwenye mipasuko ya viganja vyake, mipasuko iliyotokana na kijito hicho hicho. Michelle alichukua kalamu nyekundu akaandika mstari mmoja, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka: "Uongo mtupu. Mwenye kuandika hivi hana haya."

Chomba alizikusanya karatasi, akaanza kuzipitia pale pale. Alipofika kwenye hiyo akasimama.

"Mademoiselle Kunda. Hii itamusaidia nini?"

"Iko uongo, Assistant."

"Fasi gani?"

"Yote."

"Yote haiko adresse. Nikikwambia nyumba yangu iko Lubumbashi, utafika?"

Ukumbi ulicheka. Chomba, bila nia mbaya, akaifungua kazi ya Clément ili aonyeshe mahali ambapo msomaji angeanzia, akasoma ile sentensi kwa sauti. Kutoka nyuma mtu akasema polepole, lakini si polepole vya kutosha: "Kunda? Haiko papa yake ule?" Kicheko cha safari hii kilichukua muda mrefu zaidi. Michelle alibaki amesimama kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

Chomba akageukia karatasi ya pili, maoni ya Clément juu ya kazi ya Michelle. "Bon travail, angalia orthographe," akasoma. "Clément, kazi ya Michelle inasema nini?"

"Inasema... inasema juu ya mayi, Assistant."

Mwalimu hakucheka. "Mumoja amepiga, mwingine amepapasa. Hakuna mwenye alisoma. Bote babili, zero mpaka munirudishie ingine. Jumatatu."

*

"Papa, uliweka signature ku karatasi ya kiwanda?"

Symphorien alikuwa amekaa mlangoni akinoa jembe. Ushefu wa avenue, yaani wa mtaa, ni cheo kisicho na mshahara: kuandika majina ya wapangaji wapya, kuamua ugomvi wa mipaka ya viwanja, kukalishwa mbele kwenye mikutano. Hilo la mwisho alilipenda, ingawa asingekiri.

"Karatasi gani?"

"Ya réunion ya mwezi wa kwanza."

"Ile ilikuwa liste de présence, ya kuonyesha nani alikuja. Bantu bote balisaini."

Michelle alimpa simu. Njiani alikuwa ameitafuta ripoti ya kiwanda ambayo Clément aliitaja, akaipata. Ukurasa wa thelathini na moja: juu, maneno mawili matatu ya Kifaransa kwamba wakaaji wamesikilizwa na wameridhika, chini yake, majina na sahihi. Symphorien aliiweka simu mbali na macho, kisha karibu. Sahihi ya kwanza ilikuwa yake, yenye mkia mrefu aliojizoeza tangu ujana.

"Haya maneno ya juu hayakukuwa," alisema.

"Ulisoma?"

"Nilisema nisome kwanza. Ule bwana wa kiwanda akacheka. Akasema, muzee, iko présence tu, hata mutoto anasainiaga, motoka inatungoja. Bantu bote banaangalia. Ningefanya nini?"

"Ungesoma."

Symphorien aliinuka, jembe mkononi. "Unanifundisha? Mu nyumba yangu? Mimi njo nilikutuma ku université, leo unarudi unanihoji kama polisi?"

Nyuma yao mchi ulisimama. Marceline, mama yake Michelle, alikuwa akitwanga sombe, majani ya mhogo, tangu mwanzo wa maneno hayo.

"Papa Michelle. Ku ile réunion, ulisema mayi iko muzuri?"

"Sikusema."

"Ulisema iko mubaya?"

"Sikusema kintu."

"Basi kile haukusema, bo njo balijaza," Marceline alisema, akarudi kwenye kinu. Alitwanga kwa nguvu ambayo majani yale hayakuihitaji. Symphorien alikula bukari yake amesimama nje, ameupa mgongo mlango, na hakuna aliyemwita ndani.

*

Jumamosi adhuhuri Michelle na Clément walikutana kwenye ngazi za maktaba. Clément alifika akiwa amekasirika tayari. Zero ile ilikuwa ya kwanza maishani mwake, na alijua ilitoka wapi.

Michelle alipanga karatasi nne kwenye ngazi, akaweka jiwe juu ya kila moja.

"Sitakuita muongo tena," alisema. "Nitakuonyesha adresse. Source ya kwanza, rapport ya kiwanda. Ya pili, gazeti. Ya tatu, site ya radio. Ya ine, mémoire ya mwanafunzi mwenye amemaliza juzijuzi. Soma jina ya kartier."

Clément aliinama. Ripoti iliandika Kasungani, kwa n. Gazeti likaandika Kasungani. Redio, Kasungani. Tasnifu, Kasungani, mara kumi na moja.

"Hakuna muntu wa huku mwenye anaandika vile," Michelle alisema. "Mumoja alikosea, bengine bakakopia, kosa na yote. Hauna source ine, Clément. Uko na moja, imevaa mashati ine. Hii paragraphe ya tatu unasema 'watafiti wengi wanakubaliana.' Hawa wengi ni nani? Na ukurasa wa nne: nani alisikia shefu anasema ile maneno? We ulimusikia?"

"Iko mu rapport."

"Rapport ilimusikia?"

Alimkabidhi ukurasa wake wa maoni. Safari hii ulikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na mstari wake. Na mwanzoni kabisa, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu ilimuuma kuiandika, alikuwa ameweka kwamba mpangilio wa kazi ni mzuri na kwamba msomaji hapotei hata mahali pamoja.

Clément aliusoma wote. Masikio yalimwiva.

"Unajua papa yangu anatumika wapi? Anaendeshaga camion ku kile kiwanda. Hii makaratasi yote, ni bo balimupatia aniletee, juu balisikia niko na travail. Unataka niandike nini? Niandike kama boss wa papa anadanganya, na juu yake jina Mwenya?"

Michelle hakuwa amelijua hilo. Lilimzidishia hasira, maana sasa hasira ile haikuwa na pa kutua.

"Sikusema uandike vile. Nimesema uandike kile unajua, na useme umejulia wapi."

"Sawa." Clément alivuta mfuko wake, akatoa kazi ya Michelle, imekunjwakunjwa. "Na mimi nimesoma yako. Yote." Alikuwa ameisoma Ijumaa jioni akitafuta pa kupiga, na alikuwa amepapata. "Kurasa sita juu ya Kasungami. Kuko code minier, ile sheria ya migodi, kuko bitabu bya Ulaya, kuko rapport ya Kinshasa. We unaishi kule. Na hakuna muntu hata mumoja wa Kasungami mwenye anasema kintu mule ndani. Mama yako hachotake mayi? Ao unamuonea haya?"

Michelle alikusanya karatasi zake, akaacha mawe pale pale, akaondoka. Alitembea kwa miguu mpaka alipochoka, na njia nzima alimtukana Clément kimoyomoyo. Lakini chini ya matusi hayo ilikuwapo fomu aliyoijaza mwaka wa kwanza. Kwenye mstari wa kazi ya mama hakuandika mulimaji. Aliandika commerçante, mfanyabiashara.

*

Jumapili, walipotoka misa, Symphorien aliketi mezani na daftari. Alikuwa na siku mbili hajaongea na binti yake. Aliandika kurasa tatu bila kupumzika, halafu akazisukuma upande wa pili wa meza, kama mtu anayetoa mkono achomwe sindano.

"Soma. Ninaondoa signature yangu."

Barua ilianza kwa masikitiko makubwa na moyo uliojaa uchungu. Ilitaja mababu, watoto wa kesho, na Mungu mara tano. Michelle aliiacha kalamu nyekundu kwenye mfuko, akachukua ya risasi.

"Hapa, Papa, kwenye unaandika motoka ilikuwa inangoja na bakakukatalia kusoma. Hii iko na nguvu kupita yote. Ilete mwanzo. Weka na siku, na jina ya ule bwana."

"Mm."

"Hapa unasema mayi iliharibika tangu zamani. Tangu siku gani? Nani aliona?"

"Bantu bote banajua."

"Bantu bote haiko muntu."

Mshipa ulimtokea Symphorien kwenye paji. "Unanisahihisha kama mutoto wa primaire."

"Njo vile na sisi banatusahihishaga."

Symphorien akaivuta barua kwake na kukata, kwa mkono wake mwenyewe, masikitiko makubwa, na mababu, na Mungu wanne kati ya watano. Akakwama kwenye mstari wa tangu zamani.

Michelle akageuka. Marceline alikuwa kizingitini akichambua lengalenga, mchicha wa shamba lake, akitupa zaidi ya alichobakiza. Hakujua Kifaransa cha barua, lakini Kiswahili cha nyumba ile alikisikia chote.

"Mama. Tangu siku gani?"

Marceline alijibu akiendelea kuchambua.

"Miezi mbili na nusu mikono yangu iko ivi. Balikuja ba kiwanda na karatasi, balikuja ba gazeti na kamera, papa yako alienda akakaa mbele, we unaandika kurasa sita ku université. Leo njo mara ya kwanza muntu ananiuliza."

Michelle alifungua ukurasa mpya wa daftari.

"Iko tangu kesho yake ya Dimanche ya kwanza ya Avent, ile ya kungoja Noël," Marceline aliendelea. "Juu Dimanche ile tuliimba, usiku mvua ikapiga, asubuhi nikashuka ku mutoni na mama Katongo. Mayi ilikuwa nyeupe, na povu kama ya sabuni. Tukasema iko mvua tu. Tukamwangia. Siku ya tatu lengalenga ikaungua pembeni, kama umepitisha moto. Mabata ya mama Katongo ikakufa munane. Mikono ikaanza. Kila mvua ikipiga sana, povu inarudi. Mvua ikikosa siku ine, mayi inakuwa muzuri. Mi najua, juu njo siku nashukaga."

Michelle alikuwa akiandika. Ghafla akaacha, akafungua tena ripoti kwenye simu.

"Mama, mwezi wa munane, mayi ilikuwa namna gani?"

"Mwezi wa munane iko kiangazi. Ilikuwa muzuri. Hata mi nilikunywaga."

Ripoti ilisema maji yalipimwa mara tatu. Michelle aliwasomea tarehe: zote tatu za mwezi wa nane.

Walielewa kwa pamoja, na ndipo hasira ya kweli ilipoingia katika nyumba ile. Mpaka hapo walifikiri wamedanganyiwa namba. Namba huenda zilikuwa sahihi kabisa. Kiwanda hakikuhitaji kudanganya. Kilichagua mwezi ambao hakuna mvua ya kushusha maji ya kiwanda kijitoni, kikangoja mpaka mwezi wa kwanza, mwanamume mmoja anayependa kukaa mbele akaweka sahihi, kikabandika vitu viwili hivyo pamoja na kuviita ukweli. Gazeti likabeba. Redio ikabeba. Mtoto wa dereva akabeba.

"Andika ile ya mama yako," Symphorien alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Weka mbele ya yangu."

*

Jumatatu Chomba alisoma kurasa zote mbili za maoni, ule wa Michelle na ule wa Clément, akazirudisha bila sifa. "Sasa inasaidia," alisema tu.

Kazi zilizorekebishwa zilikabidhiwa siku tatu baadaye. Clément alikuwa ameondoa jina la Symphorien. Aliandika kwamba vyanzo vyake vitatu vinategemea cha kwanza. Na kwenye kichwa cha kazi aliongeza maneno matatu, mwezi ambao vipimo vilifanywa: "mwezi wa nane". Hakuongeza zaidi. Michelle alipoyaona alitaka kumwambia kwamba huo ni uoga. Kisha akafikiria lile lori, na mtu anayeliendesha kila siku, akaacha, bila kumsamehe.

Lakini kabla ya hapo, Jumanne, Symphorien na Marceline walipeleka barua mjini, kwenye ofisi ya serikali ambamo ripoti ilikuwa imewekwa. Michelle alikwenda nao. Marceline alivaa kitenge chake cha misa. Njia ya Kasungami ilikuwa tope, na viatu vilionyesha.

Afisa aliitwa Kapya. Korido ilikuwa imejaa watu wenye bahasha, mlango wake wazi. Alimwangalia Marceline kuanzia chini.

"Mama angoje inje. Banatoka kupangusa chini."

"Barua iko ya yeye," Symphorien alisema.

Kapya aliipokea kwa vidole viwili, akapitisha macho. "Muzee, signature haiondokake. Dossier ilishaenda. Na hizi barua za hasira, tunapataga kila siku."

"Nionyeshe fasi ya hasira," Symphorien alisema.

Afisa alishika kalamu, akaanza kutafuta. Alipita ukurasa wa kwanza: siku ya mkutano, jina la yule bwana, motoka inayongoja. Alipita wa pili: siku ya povu, siku ya tatu, mabata manane, tarehe za vipimo. Kalamu ilitembea juu ya mistari bila kushuka. Hasira ilikuwapo yote, kila mmoja wa wale watatu alikuwa amesimama nayo pale, lakini kwenye karatasi hakukuwa na neno la kushika.

"Kwanza," alisema mwishowe, "huyu mama Marceline hajasaini. Haina valeur, haihesabiwi."

"Nitasaini hapa," Marceline alisema. "Mbele yako. Nilingojea kusudi."

Kapya alimsogezea kalamu kwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza. "Hapa chini."

Marceline hakuishika.

"Iko Kifaransa," alisema. "Nisomee kwanza."

"Mutoto wako hajakusomea?"

"Alinisomea. Sasa we njo unapokea. Nataka nisikie kile unapokea."

"Mama, niko na bantu bengi inje."

"Nabaona. Batangoja. Na sisi tunangojaga."

Wiki mbili baadaye Symphorien angenyang'anywa ushefu wa avenue kwa barua isiyo na sababu, na mwezi mzima ungepita kabla gari jeupe halijafika Kasungami, siku ya mvua, na watu wa kujaza chupa kwenye kijito. Majibu ya chupa zile hayajaja mpaka leo. Lakini asubuhi ile Kapya aliangalia mlango, akaona nyuso za korido zimegeukia kwake zote. Hata wenye kusinzia walikuwa wameacha. Akakohoa, akaanza kusoma kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

"Sisikii," Marceline alisema.

Akapandisha. Alisoma Dimanche ya kwanza ya Avent. Alisoma povu. Symphorien alisimama ameshika kofia, akiyasikia maneno ya mke wake yakitoka katika kinywa cha serikali. Kapya akafika kwenye ukurasa wa pili.

"'Mayi hii,'" alitafsiri, "'inasumbua mikono ya...'"

"Hapana," Marceline alisema, akaweka viganja vyake viwili wazi juu ya meza, juu ya makaratasi ya watu wengine. "Haikuandikwa inasumbua. Iko inachoma. Rudilia."

Afisa akarudi mwanzo wa mstari.